Boga, Moshi na Maziwa ya Kiangazi

Kwa misimu mitatu nilieleza ladha ya bia ambazo sijawahi kuzionja. Mimi ni Mborana, Mwislamu, mzaliwa wa Rapsu kule Isiolo, na bia naijua kwa macho tu. Lakini kuna watu Marekani walionunua chupa fulani ya bia ya maboga kwa sababu ya sentensi niliyoandika nikiwa nimekaa chini ya mwembe kando ya mfereji wa maji, simu nimeiegemeza kwenye jiwe ili mtandao ushike.

Kazi ilikuwa hivi. Mteja wangu, mzee mmoja wa huko ng'ambo, ana jarida dogo la wapenzi wa bia za viwanda vidogo. Ana waonjaji wanne. Wanakaa mezani, wanamimina, wananusa, wanaonja, wanajaza fomu. Fomu zinapigwa picha, picha zinatumwa kwangu, na mimi nageuza maneno yao ya mkato kuwa aya moja inayosomeka. Aya moja, dola sita. Kila mtu alijua nani anafanya nini. Wao ulimi, mimi kalamu.

Kabla ya hapo nilidhani kuonja bia ni kunywa tu halafu unasema "hii ni poa." Kumbe kuna hesabu. Fomu wanayotumia inafuata ile ya BJCP, chama cha Marekani cha waamuzi wa bia, na jumla yake ni alama 50. Harufu ina 12. Sura, yaani rangi na povu, ina 3 pekee. Ladha ina 20. Jinsi bia inavyokaa mdomoni, kama ni nzito au nyepesi, kama gesi inachoma, hiyo ina 5. Zile 10 zilizobaki ni za maoni ya jumla. Niliipenda fomu hiyo mara moja. Inamlazimisha mtu aseme ni kitu gani hasa kimempendeza, na kimempendeza wapi.

Niliingia kwenye kazi hii kwa mlango ambao vijana wengi wa kwetu wanaujua. Kuanzia Oktoba 2020 mvua zilikataa misimu mitano mfululizo, na ng'ombe wa baba ndio walikuwa karo yangu. Wa mwisho kuuzwa aliuzwa akiwa amekonda hivi kwamba bei yake haikufika hata nusu ya deni la muhula mmoja. Nilikuwa mwaka wa tatu. Nikafunga begi, nikarudi nyumbani, na msee mmoja tuliyekaa naye hosteli, ambaye tayari alikuwa anaandikia watu mtandaoni, akanitumia ujumbe: "Maze, kuna kazi ya bia. Mimi niko na kazi mob. Utaweza?" Nikamjibu naweza kabla sijauliza ni ya nini.

Rapsu ni mradi wa umwagiliaji. Tuko upande wa Kinna, karibu na mbuga ya Meru, na maji ya mfereji ndiyo yanatutofautisha na jirani zetu wanaotegemea mawingu peke yake. Ukame ukila mifugo, sisi angalau tuna vitunguu, mahindi, maembe, na maboga. Nataja maboga kwa makusudi, maana fomu za kwanza kunifikia zilikuwa za bia ya maboga, na nilidhani hapo angalau niko nyumbani.

Kule kwao bia zina majira. Joto likija wanatoa bia nyepesi za ngano zenye matunda. Baridi kali ikifika wanatoa nyeusi, nzito, zenye viungo. Katikati, majani ya miti yakianza kugeuka rangi, inakuja bia ya maboga. Kila mwaka watu wanaisubiri, wengine wanaicheka, lakini inanunuliwa. Anayetajwa sana kuifufua ni Bill Owens, mwenye kiwanda kidogo cha Buffalo Bill's pale Hayward, California, miaka ya 1980.

Ila asili yake ni ya zamani zaidi, na hapo ndipo niliposimama kidogo. Walowezi wa Marekani wa karne ya 17 na ya 18 walitia boga kwenye bia kwa kuwa kimea kizuri cha shayiri kilikuwa adimu. Boga lilikuwa shambani, lina utamu, linachachuka. Bia ya maboga ilikuwa bia ya shida. Kimea kilipopatikana kwa wingi, watu wakaiacha. Ilirudi baada ya kama miaka mia mbili, shida imeshasahaulika, na sasa mtu anailipia zaidi kuliko bia ya kawaida.

Nilimsimulia akko, nyanya yangu. Alikuwa anachambua maharagwe. Akauliza, "Wanatia boga kwenye pombe ili iweje?"

"Ili inukie majira, akko."

"Boga halina harufu."

Alikuwa sahihi. Nilipozisoma tena zile fomu niliona kwamba waonjaji hawakuandika boga karibu popote. Waliandika mdalasini, karafuu, kungumanga, tangawizi. Ladha inayoitwa ya boga ni ladha ya viungo vya mkate wao wa boga, na boga lenyewe limo kama mgeni wa heshima asiyesema neno. Viungo hivyo navijua. Viko kwenye kikopo cha masala ambacho mama hukifungua Idd, chai ikichemka na maziwa mpaka nyumba nzima inukie. Kumbe Mmarekani akinywa bia ya maboga mwezi wa Oktoba, pua yake imesimama jikoni kwetu asubuhi ya Idd. Nikaandika aya ile kwa kuanza na sufuria ya chai ya sikukuu, maziwa yakipanda, na mtu akipunguza moto. Mteja akajibu kwa neno moja la sifa, akaniongeza kazi.

Maneno mengine yalinisumbua. Balungi nimelionja Nairobi mara moja. Msonobari nimeuona, sijawahi kuunusa kwa makini. Bluberi ni rangi tu kwangu. Kwa hayo nilifuata fomu bila kuongeza chumvi. Kama mwonjaji ameandika "msonobari," nami naandika msonobari, naendelea.

Halafu ikaja bia ya moshi.

Mji wa Bamberg, Ujerumani, una bia ya zamani inayotengenezwa kwa kimea kilichokaushwa juu ya moto wa kuni, na viwanda vidogo vya Marekani huiga mtindo huo msimu wa baridi. Waonjaji wote wanne waliandika mambo mawili tu: moto wa kambini, na nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Hiyo nyama ya pili sina habari nayo na sitaki kuwa nayo. Lakini moshi? Moshi wa kinywaji? Hapo wamegusa penyewe.

Sisi Waborana hatuweki maziwa kwenye chombo kisichofukizwa. Mama anachukua vijiti vya ejersa, mzeituni wa mwituni, anavichoma mpaka viwe kaa jekundu, anavitia ndani ya chombo, anafunika, anatikisa, anageuza, anamwaga, anarudia. Moshi unaua uozo na kuacha harufu ukutani. Maziwa yanakaa zaidi, na yanachukua tabia ya mti. Ejersa ina moshi mtamu, wa polepole, unaokuja baada ya kumeza. Badana, ule mti wa miiba wa huku chini, moshi wake ni mkavu na unatangulia. Mtoto wa Rapsu akipewa kikombe gizani atakuambia ni chombo cha nani.

Kwa hiyo niliwaandikia waonjaji maswali. Moshi unakuja kabla ya utamu au baada? Unakaa kooni au puani? Ukishameza, ulimi unabaki mkavu? Walifungua chupa nyingine, wakajibu, na majibu yao yakawa marefu kuliko fomu nzima. Mmoja akaandika kwamba hakuwahi kufikiria moshi una mwanzo na mwisho. Ile ikawa aya yangu bora kuliko zote.

Nyumbani mambo hayakuwa laini hivyo. Mama alijua naandika, hakujua naandika nini. Siku alipojua, hakupiga kelele. Alikaa kimya mpaka baada ya Isha, kisha akamwita mdogo wangu wa chuo asome ile hadithi ya watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya pombe: anayeikamua, anayeinywa, anayeibeba, anayeiuza, anayekula thamani yake, na wenzao.

"Mwandishi wa sifa zake hajatajwa," nikasema.

"Hajatajwa," mama akajibu, "kwa sababu hawakudhani kuna mtu atakayeisifu na hata hainywi."

Dada yangu alicheka mpaka akatoka nje. Mimi pia nilitaka kucheka, ila nilimwona mama usoni. Lilikuwa jambo zito kwake, na lilikuwa pesa. Wakati ule pesa nyingine nyumbani ilikuwa ya vitunguu, na vitunguu vilikuwa bado ardhini. Tulizungumza kwa siku tatu. Mama alimuuliza ustadhi, ustadhi akamwambia kwamba pesa yenye shaka haiingii tumboni wala haitolewi sadaka ya kutafuta thawabu. Mtu huiondoa mikononi mwake kwa jambo la manufaa ya wote. Mama akatoa hukumu. Unga, mafuta na sukari vitanunuliwa kwa vitunguu na kwa mbuzi. Karo ya dada, mbuzi. Pesa ya bia itajenga choo karibu na njia ya mferejini, ambacho kila anayepita atatumia.

Choo kilijengwa. Kina mabati mapya na mlango unaofungwa kwa komeo. Watoto wa jirani wanakiita Boga, na mgeni akiuliza sababu hakuna anayemjibu.

Sitaki msomaji afikirie kwamba nawatazama wanywaji kutoka juu ya mlima. Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuheshimu ufundi wenyewe, hasa wa huku kwetu Afrika Mashariki, ambao fomu ya alama 50 haiujui. Mteja aliniuliza siku moja kama tuna bia za msimu. Nikamwambia Nairobi kuna viwanda vidogo kama 254 na Bateleur vinavyotengeneza bia za mitindo hiyo hiyo ya kwao. Lakini msimu wa kweli utafute kwingine. Ulanzi wa Iringa hugemwa kwenye machipukizi ya mianzi wakati wa mvua. Mvua ikikatika, ulanzi nao unakatika, hakuna wa kumlilia. Wachaga wanapika mbege kwa ndizi na ulezi, kisha wanatia gome la mti wa msesewe kuleta uchungu, kazi ile ile inayofanywa na hopsi kwenye bia ya Mzungu. Wakikuyu na wenzao wanachachusha muratina kwa tunda lililokaushwa la mwegea. Hapana aliyeketi akawaza, mwaka huu tutoe ladha gani. Mwaka wenyewe ndio ulioamua.

Nilipomaliza kumwandikia hayo nikajua sitaendelea sana na kazi ile. Sikuona aibu. Nilitaka tu kuandika kitu nilichokuwa nacho mdomoni. Nikamwambia mteja kwamba namaliza msimu wa baridi, halafu basi. Akanitakia heri, akaniuliza nitaonja nini. Nikamjibu: maziwa.

Nilichora fomu kwenye daftari la shule la dada. Harufu 12, sura 3, ladha 20, mdomoni 5, kwa jumla 10. Mwonjaji mkuu, akko. Miaka yake hatuijui vizuri, lakini ulimi wake unaogopwa mpaka Kinna.

Cha kwanza, maziwa ya ngamia wa mjomba, wiki ya pili baada ya mvua za ganna, zile ndefu za Machi hadi Mei. Ngamia ameshiba majani mateke. Povu linasimama kama la sabuni, rangi nyeupe kama chokaa. Harufu ya jani lililovunjwa, moshi wa badana kwa mbali. Utamu mwepesi, chumvi kidogo pembeni ya ulimi, na yanateleza bila kuacha mafuta. Nilitoa 44.

Cha pili, itittu, maziwa ya ng'ombe yaliyoganda ndani ya gorfa, kile chombo kinachosukwa kwa nyuzi za mizizi mpaka kisivujishe hata tone. Kilifukizwa kwa ejersa. Yamekaa siku nyingi, maji yametolewa, yameongezwa maziwa mapya, yametulia tena. Unayakata kwa kijiko. Uchachu unaanza mkali, halafu moshi unakuja kuupatanisha. Hayo nilitoa 48, na ningetoa 50 kama nisingekuwa na haya.

Cha tatu kilikuja miezi mingi baadaye, katikati ya bona, kiangazi. Ngamia yule yule, malisho ya vichaka vya chumvi na maji ya siku kadhaa zilizopita. Watu waliomchunguza ngamia wameandika jambo ambalo wafugaji wanalijua: akikaa na kiu, maziwa yake huongezeka maji na kupungua mafuta, kana kwamba anamnyima mwili wake ili mtoto asife kiu. Yale yalikuwa hivyo. Membamba, ya kijivujivu, povu halikai. Chumvi ilitangulia, na uchungu wa kichaka ukafuata. Nilijaza fomu kwa uaminifu. Harufu 6. Sura 1. Ladha 9. Mdomoni 2. Jumla 5. Kwa hesabu, 23 kati ya 50. Nikamsomea akko.

Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Umempa nani ishirini na tatu?"

"Maziwa, akko. Si ngamia."

"Mwaka wa ukame, wewe ukiwa chuoni, dada yako alikunywa haya. Kikombe kimoja asubuhi, basi mpaka kesho. Halafu ngamia yule naye akakauka, tukawa tunachemsha chai nyeusi. Ungekuwepo siku ile, ungeandika ngapi?"

Sikuwa na jibu la kuandika kwenye kisanduku. Dada yangu alikuwa palepale, anasuka nywele za jirani. Bila kuinua macho akasema, "Mia." Yule jirani akasema fomu inaishia hamsini. Dada akasema basi fomu ni fupi.

Tangu siku hiyo nimefikiria sana neno msimu. Kwa wale waonjaji wanne ninaowapenda na ambao sitawahi kukutana nao, msimu ni ladha inayoongezwa kwenye kitu ambacho kitakuwepo tu. Bia itakuwepo Januari, itakuwepo Julai. Swali ni leo imevaa nguo gani. Siwaonei wivu mbaya. Ni raha nzuri, na ningependa watu wangu nao wafike mahali pa kulalamika kwamba mdalasini umezidi. Kwetu msimu unaamua kwanza kama kikombe kipo, na ladha ni habari inayokuja ndani ya kikombe hicho: mvua imenyesha wapi, ngamia amelala wapi, kisima kipi kimekauka. Akko akionja anasoma. Ndiyo maana akionja maziwa ya soko la Isiolo, yale yaliyochanganywa kutoka kwa wafugaji kumi na kutiwa kwenye jerikani moja, hasemi ni mabaya. Anasema hayasemi kitu.

Fomu sijaitupa. Ilinifundisha kutenganisha harufu na ladha, kusubiri kinachokuja baada ya kumeza, kutotosheka na "ni tamu." Akko mwenyewe siku hizi ananiuliza, "Na mdomoni umetoa ngapi?" Nimeirekebisha tu. Juu kabisa, kabla ya harufu, nimechora mstari mpya usio na alama. Umeandikwa: mvua ya mwisho ilinyesha lini? Huruhusiwi kuonja kabla hujaujaza.

Wiki hii nimejaza fomu ya maziwa ya mbuzi, chombo cha badana. Mvua ya mwisho: siku kumi na nane. Harufu 9, sura 2, ladha 15, mdomoni 4, jumla 8. Akko anasema nimekuwa bahili. Dada anasema mbuzi huyo ndiye karo ya muhula ujao, kwa hiyo nimnywe polepole.